Malipizi ya Jirani: Namna ya Kumrudia Uliyemkosea

Februari 2023 mtu mmoja alivunja na kuingia usiku ndani ya Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Geita, akaharibu vitu vitakatifu. Askofu Flavian Kassala alilifunga kanisa, waumini wakaingia katika siku za toba na malipizi, na milango haikufunguliwa mpaka katikati ya Machi. Sikumsikia mtu akiuliza kwa nini wasifagie tu vioo na kuendelea na misa ya Jumapili. Mkristo na asiye Mkristo walielewa kwamba kilichonajisiwa kina utaratibu wake wa kutengenezwa, na utaratibu huo haufupishwi.

Kwa binadamu tunaufupisha. Mtu anamdhulumu mwenzake mifuko ya mawe kule Nyarugusu, inapita miaka, halafu sikukuu moja anapiga simu: "Ndugu yangu, kama kuna mahali nilikukosea, nisamehe." Wa upande wa pili, kwa uungwana, anajibu kwamba yaliyopita si ndwele. Simu inakatwa. Mifuko haijarudi, ada ya shule iliyokosekana mwaka ule haijarudi, na aliyekosea anahesabu kwamba amemaliza.

Mwongozo huu ni wa yule ambaye hajamaliza na anajua hivyo. Umeandikwa kwa kufuata maisha ya huku kwetu, kuanzia Mwadui na Mwakitolyo, ukapita Kahama na Kakola, mpaka Katoro, Rwamgasa na Mgusu, ambako watu wa makabila na dini zote wanachimba shimo moja na mara nyingi hawajuani hata jina la ukoo. Msingi wake ni huu: unalipa kwa kile ulichochukua, mahali ulipokichukulia, mbele ya watu walewale walioona.

Hatua ya kwanza: Jua kama jambo lako linamalizika nje ya polisi

Yapo makosa ambayo hayana mlango wa wazee. Kuua, kubaka, kumpa mimba mwanafunzi, kumkata mtu panga, kushiriki kwa namna yoyote kumdhuru mtu mwenye ualbino. Kwetu upo mtindo wa "kuyamaliza kifamilia": ng'ombe wawili watatu wanahama boma, binti anaambiwa yameisha, na kesi inapofika mahakamani mashahidi wote wamepoteza kumbukumbu siku moja. Hapo hakuna malipizi. Ukimya umenunuliwa, tena kwa bei ambayo aliyeumizwa hakupangiwa kuila, maana ng'ombe wanaingia zizi la baba. Kama lako ni la aina hii, hatua ya kwanza ni kituo cha polisi, na likimhusu mwanamke au mtoto ni Dawati la Jinsia na Watoto. Kuomba radhi kupo, ila kunakuja nyuma ya sheria.

Mtu akifukiwa na kifusi kwenye duara lako, yaani shimo lako la kuchimbia, nalo si la kumaliza kwa sanda na gunia la mchele. Polisi wajue, na ofisi ya Afisa Madini Mkazi ijue. Nimeona wenye maduara wakitoa rambirambi nono msibani wakidhani wamelipa. Rambirambi hutolewa na kila aliyekuja kuzika. Wewe uliyebana matimba, yale magogo ya kushikilia shimo, ili uokoe fedha, ukawaacha vijana washuke kwenye mwamba unaotoa mchanga, unadaiwa kitu kingine.

Yanayobaki ni mengi: mgao wa uongo, deni lililokanwa, mpaka uliosogezwa, kashfa, ngumi za kilabuni, ng'ombe aliyetumbukia shimoni. Hata sheria yenyewe inapenda haya yapatane. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kuhimiza suluhu na fidia katika shambulio la kawaida na makosa madogo ya kibinafsi. Kwa ardhi, tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu. Kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30, na likishindwa ndipo mnakwenda baraza la wilaya. Kesi ikiwa imeshafika mahakamani, suluhu yenu ipitie kwa hakimu, msiende kuifutia kwenye meza ya chai.

Hatua ya pili: Andika kosa kwa sentensi moja

Chukua daftari. Andika ulichofanya, ukianza na neno "mimi". Utashangaa kalamu inavyogoma. Mkono unataka kuandika "kulitokea kutoelewana kwenye duara" au "mambo hayakwenda vizuri". Futa. Andika: "Mimi nilitoa mifuko arobaini, nikamwambia thelathini." Au: "Mimi nilisema mbele ya watu kwamba yule mama alimroga mtoto wangu, na sikuwa na ushahidi." Sentensi ikiwa na "kama", "labda" au "nilighadhibishwa", bado hujaandika kosa. Umeandika utetezi.

Wakubwa nao hapa ndipo wanapokwama. Mwaka 2020 shirika la RAID la Uingereza lilichapisha ripoti kuhusu watu waliopigwa, waliopigwa risasi na waliofungiwa na walinzi katika mgodi wa almasi wa Williamson, pale Mwadui. Wadai nao walifungua kesi London. Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi katika mgodi huo, ilikubaliana na wadai 71 kwa mpango wa pauni milioni 4.3, ndani yake mkiwa na malipo ya wadai, mchango wa gharama za mawakili na miradi ya jamii inayouzunguka mgodi. Kampuni ilisikitika, ikakiri kwamba matukio yalikuwapo na watu walikufa na kuumia, lakini haikukubali kubeba dhima kisheria. Wanasheria wana sababu zao za kuandika hivyo. Wewe na jirani yako hamko London. Ukimpelekea masikitiko yasiyo na mtenda, atayarudisha kama yalivyokuja.

Hatua ya tatu: Piga hesabu, na uipige kwa upande wake

Hii ndiyo hatua inayochukua muda, na ndiyo watu wanairuka.

Tuseme mlikubaliana kwamba baada ya mgao wa mwenye leseni, mwenye eneo na msimamizi, kinachobaki mnagawana nusu kwa nusu. Ilibaki mifuko 40. Usiku ule ulihamisha 10, ukamwonyesha 30. Yeye akapata 15 badala ya 20. Deni ni mifuko mitano. Lakini mifuko haikai; ilikwenda karasha, ikasagwa, unga ukaoshwa mwaloni, zebaki ikakamata dhahabu. Tuseme kila mfuko ulitoa gramu moja. Deni sasa ni gramu tano, na wengi wanafunga daftari hapo.

Usifunge. Yako wapi marudio? Kila mchimbaji anajua kwamba mwalo unakamata sehemu tu ya dhahabu, na ule udongo unaobaki una thamani. Wenye mitambo ya sayanaidi wanaununua kwa sababu hawajichoshi bure. Kama marudio ya mifuko ile yaliuzwa, au uliyaacha kwa mwenye karasha ili akupunguzie gharama ya kusaga, sehemu yake mwenzako imo humo.

Halafu bei. Hapa ndipo dhuluma ya pili hufanyika mchana kweupe, watu wakipiga makofi. Mtu alidhulumu mwaka 2015, leo anarudisha shilingi zilezile za 2015. Mwaka ule wakia moja ya dhahabu kwenye soko la dunia ilikuwa kwa wastani dola 1,160 hivi. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000. Shilingi yenyewe nayo imeshuka mbele ya dola katika miaka hiyo. Kwa hiyo deni la dhahabu lihesabiwe kwa gramu, na gramu zilipwe kwa bei ya siku ya kulipa. Zamani ungesema bei huijui. Tangu Machi 2019 Geita ina Soko la Madini, na yapo masoko mengine katika ukanda huu. Bei elekezi ya siku inajulikana kwa anayeuliza.

Mwisho wa hesabu ni kile kilichokufa kwa sababu ya kukosekana kwa fedha ile. Hapa usijibu mwenyewe. Acha nafasi tupu kwenye daftari, ukaijaze siku utakapomsikiliza. Huenda aliuza ng'ombe wa maziwa. Huenda binti yake aliishia kidato cha pili. Hutaweza kulipa yote hayo, wala si lazima udai kwamba unaweza. Lakini ukifika kwake na bahasha uliyoifunga kwa gundi tangu nyumbani, umeshamwambia kwamba hesabu ni yako na yeye kazi yake ni kusaini.

Waislamu wanalifahamu hili kwenye mafundisho ya toba: kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia kunatosha kwa kosa baina ya mja na Mola wake, ila ikiwa ni haki ya mtu, irudi kwa mwenyewe. Mkatoliki naye padri akimwondolea dhambi ya wizi hamwondolei wajibu wa kurudisha. Sadaka uliyotoa kwa jengo la kanisa au msikiti kutokana na mifuko ile haikulipa deni la mtu yeyote. Pengine ilikuwa sadaka yake yeye.

Hatua ya nne: Tafuta mtu wa kati

Usiende peke yako ukabisha hodi. Mwenzako ataamua ndani ya sekunde mbili kama akufukuze au akukaribishe, na lolote atakaloamua litakuwa la kulazimishwa. Mtu wa kati kazi yake ni kumpa nafasi ya kukataa bila wewe kuwa mbele ya macho yake.

Usukumani wazee, banamhala, ndio wenye kazi hii, na vijijini bado neno lao lina uzito kuliko barua. Machimboni, ambako mzee wa ukoo yuko mbali, mtafute mtu ambaye wote wawili mnamheshimu: shehe, mchungaji, katekista, mwenyekiti wa kitongoji, au mama ntilie ambaye amewalisha nyote tangu hamjawa na kitu. Usicheke. Mama ntilie wa chimbo anajua nani anamdai nani kuliko mwenyekiti.

Sharti moja tu: asiwe mtu anayekula kwako. Asiwe mfanyakazi wako, asiwe mdeni wako, asiwe shemeji anayetaka leseni yenu isiyumbe. Kule Mwadui mpango wa baadaye uliunda mfumo huru wa kupokea malalamiko, kwa sababu hakuna mtu aliyepigwa na walinzi ambaye angepeleka shauri lake kwa walewale walinzi. Ukubwa wa jambo ni tofauti, mantiki ni ileile.

Mganga wa ramli asihusike kabisa. Sungusungu nao wawekwe mahali pao. Jeshi hili la ulinzi wa vijijini lililoanzia pande za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilisaidia sana kukomesha wizi wa ng'ombe, na sheria ikalitambua mwaka 1989. Lakini mtemi wa sungusungu akiitisha baraza la kumlazimisha mtu apokee radhi yako, mtu yule atapokea kwa woga wa kutengwa, na nyumbani atamweleza mkewe mengine.

Mtume mtu wa kati na maneno machache. "Fulani amenituma. Anasema alikudhulumu mifuko mitano, na marudio yake, mwaka fulani. Anataka kuja kuyasema mbele yako na kulipa. Anauliza kama utamruhusu, na kama utamruhusu, iwe wapi na mbele ya nani." Basi. Siku, mahali na watu ni vyake kuchagua. Akitaka muda, apewe. Akitaka mwezi mzima, apewe mwezi.

Hatua ya tano: Siku yenyewe

Nenda asubuhi, kabla jua halijachoma na kabla mtu hajapata kinywaji. Vaa kawaida. Mwenye duara anayeshuka kwenye gari jipya mbele ya nyumba ya mtu aliyemdhulumu amekwisha kuhutubia kabla hajafungua mdomo. Salimia kwa lugha ya mwenyeji. Kama ni mama wa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu" itakufikisha mbali kuliko "Za asubuhi" ya haraka, na uinamie salamu hata kama una mvi nyingi kuliko yeye. Kaa unapoonyeshwa. Ukiachwa umesimama, simama.

Kisha sema ile sentensi ya daftarini, bila utangulizi wa historia ya maisha yako. Mfano:

"Baba, mimi ndiye niliyehamisha mifuko kumi usiku ule. Nilikuambia thelathini, ilikuwa arobaini. Ulipouliza, nilikuita mwongo mbele ya vijana. Sikuja kukueleza kwa nini. Nimekuja kulipa, na hayo mengine nisiyoyajua nimekuja kuyasikia."

Ukimaliza, nyamaza. Hapa wanaume wengi wanashindwa. Kimya kikizidi wanaanza kujaza: shetani alinipitia, hata mimi nilikuwa na hali ngumu, kumbuka nawe siku ile ulinitukana. Shetani hakubeba mfuko hata mmoja. Na matusi yake ya siku ile, kama yalikuwapo, yana siku yake nyingine.

Atakapoanza kusema, usisahihishe tarehe. Usisahihishe idadi, isipokuwa kama imepungua, hapo sahihisha. Kama mkewe atatoka ndani kuongeza lake, msikilize, maana huenda yeye ndiye aliyesimama dukani akikataliwa mkopo wa sukari.

Usiombe kusamehewa siku hiyo. Najua wengine wataona hili ni gumu, na viongozi wa dini watakaokuwapo watataka kuwashikanisha mikono upesi ili wafunge kwa sala. Waombe wasifanye haraka. Anayeombwa msamaha mbele ya shehe, wazee na watoto wake hana uhuru wa kusema bado.

Hatua ya sita: Lipa, kisha fukia shimo

Makubaliano yaandikwe hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Nakala tatu: yako, yake, ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji. Hati itaje kosa, kiasi kwa gramu na kwa shilingi, tarehe za awamu, na kitakachofanyika awamu ikipita. Kila upande uweke mashahidi wawili. Lipa kwa simu kila inapowezekana, kwa sababu ujumbe wa muamala hausahau, na usiwe unamtuma mtoto na noti kwenye bahasha. Awamu ya kwanza iwe nzito. Mtu aliyesubiri miaka akianzishiwa na elfu ishirini anajua anachezewa.

Kama huna fedha, sema huna, toa ulichonacho: kazi, mifugo, sehemu ya mgao wa duara la sasa, ikishuhudiwa na msimamizi wa mgao ili isitegemee kumbukumbu yako.

Mbuzi wa kupatana analiwa baada ya deni kulipwa. Nimeona mara nyingi analiwa badala ya deni: watu wanashiba, picha zinapigwa, aliyedhulumiwa anapewa mguu wa nyuma, na kesho yake ukimkumbusha mtu kuhusu zile gramu anashangaa, "Si tulishakula?"

Halafu kuna chanzo cha madhara. Katika ukanda huu maduara yaliyokauka huachwa wazi, nyasi za masika zinafunika mdomo, na ng'ombe, wakati mwingine mtoto, anatumbukia. Kumlipa mfugaji ng'ombe wake na kuliacha shimo ni kufungua akaunti ya deni jingine. Lifukie, au liwekee uzio wa miti na miba wakati unatafuta kifusi, na umwite yeye aje aone limefukiwa. Kama kosa lilikuwa mizani iliyochezewa, mizani ile ivunjwe mbele ya waliopimiwa. Kama lilikuwa maji ya zebaki kutiririkia kwenye lambo la jirani, mwalo uhame.

Hatua ya saba: Jina lirudishwe pale lilipovunjwa

Dhambi kubwa ya huku kwetu si ya mifuko. Simeon Mesaki, msomi aliyeifanyia kazi Usukuma kwa miaka mingi, ameonyesha kutoka kwenye kumbukumbu za serikali kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, karibu theluthi mbili yao katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati ule. Wengi walikuwa wanawake, na wengi wao wazee. Walituhumiwa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa kupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe katika nchi iliyokatwa miti.

Si kila aliyenyoosha kidole alishika panga. Wapo waliosema tu: msibani, kisimani, kilabuni, baada ya kutoka kwa mganga. Mama hakuuawa, alihama usiku akaenda kuishi kwa binti yake mjini, shamba likabaki, mahame yakaota nyasi. Kama wewe ndiye uliyesema, hatua zote zilizotangulia zinakuhusu, na kuna nyongeza.

Ulimtaja hadharani, basi umsafishe hadharani. Kumwendea kimya kimya na khanga doti mbili hakutoshi, kwa sababu kijiji bado kinaamini ulichokiamini wewe. Kwanza mwulize yeye kama anataka lisemwe, maana kulifufua kunaweza kumhatarisha. Kama anaona hatari, usalama wake unatangulia na hamu yako ya kutubu inasubiri. Mwenyekiti na mtendaji wajue mapema. Akikubali, omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, na kama uliyasema msibani, nenda pia kwa ukoo ule uliofiwa. Sema: "Nilisema uongo juu ya mama huyu. Mtoto wangu alikufa kwa ugonjwa. Mganga alinipa jina nami nikalibeba. Hajawahi kumroga mtu." Usiseme "siku hizi si mchawi tena", wala "tumemsamehe". Yeye hakukosa kitu cha kusamehewa. Nimesikia suluhu za namna hiyo zikipigiwa vigelegele, na mama wa watu akirudi nyumbani na tuhuma iliyogongwa muhuri.

Kisha kula kwake. Hii ina nguvu kuliko hotuba, kwa kuwa mtu aliyetuhumiwa chakula chake hakiguswi. Watoto hukatazwa hata maji. Nenda na familia yako mchana, mlango ukiwa wazi na njia ikipita watu, kaa, nawa, kula alichopika: ugali na nsansa, au matobolwa na karanga kama ni msimu wake. Watoto wako wale. Rudi wiki nyingine, urudi tena. Kijiji hakitasema kitu, kitakuwa kinatazama kama mmeugua.

Na hesabu ya hatua ya tatu ifanyike hapa pia. Misimu aliyoshindwa kulima ina thamani. Nyumba iliyoanguka wakati amehama ina gharama ya bati, miti na fundi. Shamba likiwa limeshavamiwa, wewe uliyemfukuza kwa mdomo ndiye wa kwanza kusimama naye kwenye baraza la kata kutoa ushahidi. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, wapo wilayani. Mpeleke, ulipe nauli.

Hatua ya nane: Akikataa, akihama, akifa

Akikataa kukuona, heshimu. Mpe mtu wa kati hati na fedha, amweleze kwamba malipo hayana sharti la msamaha. Akikataa hata fedha, ziwekwe mahali anapopajua, kwa jina lake. Usianze kumwinda kanisani na sokoni. Usimtume mtu kila mwezi kuuliza moyo wake umelainika kiasi gani.

Wachimbaji wanahama. Rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, ikitokea Chunya au Katavi, chimbo zima linaamka limebaki maturubai. Ulizia kwa msimamizi wa mgao, kwa fundi karasha, kwa mama ntilie, kwa watu wa kwao. Kumtafuta nako ni sehemu ya kulipa, na nauli yake ni yako.

Akiwa amekufa, deni lina warithi. Nenda kwa msimamizi wa mirathi, na kama hajateuliwa, kwa mjane na watoto wakiwa pamoja, siyo kwa kaka wa marehemu peke yake chini ya mti. Mjane wa mchimbaji mara nyingi hakuambiwa mumewe alikuwa anadai nini na wapi. Ukinyamaza, hakuna kiumbe atakayejua. Kwa hiyo mwambie yeye, mpe nakala ya hati mkononi mwake, na gramu zihesabiwe kwa bei ya siku hiyo.

Kama kuna jina lililokujia kichwani wakati unasoma hatua ya pili, tafuta daftari leo, na kesho asubuhi mwone mtu wa kati.